Sijaona Unyoya

Saa nane na robo, usiku wa Koboko,
bodaboda inazimwa langoni kabla haijasimama.
Mwanamke anashuka, kitenge kifuani,
na kitenge kinatikisika chenyewe.

"Ameanza lini?"
Kila siku naanza na hilo,
na kila siku jibu si saa.
"Tulikuwa tumekula. Mbwa wa Duku walibweka.
Tukasubiri kuvuka Kochi, maji yalikuwa juu."
Nahesabu mbwa, nahesabu mto:
nusu saa, haipungui.

Degedege. Jina lenyewe lina mabawa.
Wanasema hupita juu ya paa, kivuli kikamwangukia mtoto.
Miaka tisa nafagia chumba hiki:
nimeokota vifuniko, pamba, shanga ya kiuno,
jino la maziwa lililovunjwa na kijiko
cha bibi mwenye nia njema.
Sijaona unyoya.

Mlaze ubavu. Hivyo.
Toa kijiko. Toa na kidole chako, Poni,
hataumeza ulimi, una mizizi.
Usimbane miguu, iache.
Drateru, taa ya simu, karibu,
sola imekufa tangu saa sita.

Mtoto anayeruka hapimiki kwenye mizani.
Ana miaka miwili? Jumlisha nne, zidisha mara mbili:
kilo kumi na mbili.
Nusu miligramu kila kilo, sita.
Ampuli ina kumi ndani ya mililita mbili,
navuta moja na nukta mbili,
hesabu ya desimali niliyoichukia darasani
mpaka nikachapwa.
Natoa sindano, nabaki na bomba tupu,
dawa inapita njia ya nyuma,
nabana matako yaliyolowa isirudi.

Natazama saa. Kioo kimepasuka, mshale unaenda.

Tone la damu kisiginoni: sukari moja nukta tisa.
Ubongo unawaka na ghala halina nafaka.
Mshipa naupata mguuni, mara ya tatu, Mungu anajua,
mililita sitini za sukari, polepole,
na kipimo cha malaria kinachora mistari yake miwili
kama mtu asiye na haraka.

Dakika ya kumi. Mkono bado unapiga.
Narudia dawa, na sasa naogopa jingine,
maana maji ya kuzima moto
yakizidi huzima na jiko.
Barakoa na mfuko wa pumzi viko pajani mwangu.
Namfikiria Ayikoru wa Lobule, mwaka juzi,
aliyefika baada ya saa moja na nusu.
Alipona. Haitiki akiitwa.

Kidole gumba cha kushoto kiliacha mwisho.

Kimya. Poni akapiga yowe,
kimya kilimtisha kuliko mtikisiko.
Nikamshika mkono, nikauweka kwenye mbavu za mwanawe:
hapa. Subiri. Umesikia?
Akasikia, akakaa sakafuni, akaanza kukunja kitenge
kidogo, kidogo zaidi, mpaka kikatosha kiganjani.

Gari la kwenda hospitali kubwa lilikuja alfajiri.
Tulipolingoja nikamwambia: ikirudi, angalia saa.
"Sina saa."
Basi hesabu pumzi zako. Zikifika mia, dakika tano zimekwisha.
Ondoka. Usingoje mbwa, usingoje mto.
Akawaza. "Mto utaningoja mimi?"
Sikuwa na jibu, nikarekebisha dripu.

Daftarini pana nafasi ya muda wa degedege.
Niliandika: dakika arobaini na tano, kwa kukisia.
Nikafuta "kwa kukisia". Nikairudisha.

Walipompakia, Lemi akafumbua jicho moja,
akatazama miguu yake, akasema neno la kwanza:
"Kiatu."
Kweli, kilikuwa kimoja, ndala ya buluu.
Cha pili kiko njiani mahali,
kati ya mbwa wa Duku na maji.